Namna ya kusimamia mipangilio ya kompyuta za ofisi kutoka mahali pamoja: makao makuu Kisumu, matawi matatu nje

MtunzaMtandao_Ksm

Hamjambo wenzangu. Ninasimamia kompyuta za sacco moja ambayo makao yake makuu yapo katikati ya jiji la Kisumu, na ambayo ina matawi madogo Luanda, Siaya na Busia. Kwa jumla ni mashine thelathini na kitu, nyingi zikiwa za mezani zilizonunuliwa baada ya kutumika ng'ambo. Msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hizo hazikukubaliwa na Windows 11 kwa sababu vichakataji vyake ni vya zamani, na kwa kuwa mfumo wetu wa akiba na mikopo hutumiwa kupitia kivinjari, halmashauri iliridhia tuhamie Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Mashine tano mpya zaidi za idara ya uhasibu zilibaki na Windows, kwa maana programu ya mishahara haina toleo la Linux.

Kuhama kwenyewe hakukuwa na taabu kubwa. Taabu imo katika utunzaji. Keshia wa Busia ameamuru skrini yake isijifunge kamwe, kwa kuwa amechoka kuandika nywila kila anapoinuka kwenda kwenye kabati la faili. Siaya wamebadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, na sasa karani mpya hajui mfumo wa sacco unapatikana wapi. Luanda wanachomeka flashi za wateja ili kuchapa fomu. Kila jambo la namna hii hunilazimu ama kupanda matatu, ama kumwelekeza mtu kwa simu mahali pa kubonyeza, na baada ya muda mfupi mambo hurudi yalivyokuwa.

Upande wa Windows nilizoea Group Policy: unaandika agizo kwenye seva, mashine zinatii. Kwenye Ubuntu nimejifunza kuendesha amri ya gsettings, inayobadilisha mipangilio, kwa kila mtumiaji, lakini amri hiyo haimzuii mtumiaji yuleyule kutengua nilichoweka. Ningependa kujua kama ipo njia ya kuandika mipangilio mara moja, ikafuatwa na watumiaji wote wa mashine, na namna ya kuifikisha matawini ambako intaneti ni ya modemu za simu na umeme hukatika mara kwa mara, hasa mvua za alasiri zinapoanza.

Jambo la mwisho ni la utawala zaidi kuliko la ufundi. Meneja anataka kila kitu kifungwe, asipatikane mtu wa kugusa chochote. Mimi nina shaka, lakini sina hoja ya kumpelekea isipokuwa hisia tu.

---

Mkufunzi_Kakamega

Ndugu MtunzaMtandao, swali lako lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya: ndani ya mashine, ni nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu mpangilio fulani, na mpangilio huo hufikaje kwenye mashine. Nitashika la kwanza, kwa sababu ukilikosea hilo, hata njia bora ya usambazaji itasambaza kitu kisichofanya kazi. La pili nawaachia wanaohangaika na matawi ya mbali.

Katika GNOME, ambayo ndiyo mazingira ya kazi ya Ubuntu, mipangilio mingi hutunzwa katika hifadhidata iitwayo dconf. Ya kila mtumiaji imo katika folda yake ya nyumbani, ~/.config/dconf/user, na ndiyo ambayo amri ya gsettings huigusa. Kisichoonekana mtu akiwa mbele ya skrini ni kwamba dconf inaweza kusoma hifadhidata kadhaa zilizopangwa kwa tabaka: ya mtumiaji huwa juu, ya ofisi hufuata, na chini kabisa zimo thamani zilizokuja na programu yenyewe. Thamani ikipatikana juu, za chini hazisomwi. Orodha ya tabaka hizo huandikwa katika faili /etc/dconf/profile/user. Katika Red Hat na Fedora, ambazo nazo ni za jamii ya Linux, faili hilo huja tayari. Kwenye Ubuntu yako angalia kama lipo, na kama halipo liunde likiwa na mistari hii miwili:

    user-db:user
    system-db:local

Kisha unda folda /etc/dconf/db/local.d, na ndani yake faili la maandishi lenye jina lolote la kueleweka, kwa mfano 00-sacco:

    [org/gnome/desktop/session]
    idle-delay=uint32 180

    [org/gnome/desktop/screensaver]
    lock-enabled=true
    lock-delay=uint32 0

Ukimaliza, endesha dconf update ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo huyageuza maandishi yako kuwa hifadhidata ambayo programu zinaweza kuisoma, na bila hiyo faili lako ni barua isiyotumwa.

Hata hivyo hapo umetoa pendekezo tu, hujatoa sharti. Keshia wa Busia ana thamani yake katika tabaka la juu, nayo itaendelea kuishinda yako. Ili kauli ya mwisho iwe ya ofisi, unda folda nyingine, /etc/dconf/db/local.d/locks, na ndani yake faili lenye njia kamili ya kila kipengele kinachofungwa, kimoja kwa mstari:

    /org/gnome/desktop/session/idle-delay
    /org/gnome/desktop/screensaver/lock-enabled
    /org/gnome/desktop/screensaver/lock-delay

Endesha dconf update tena. Kuanzia hapo thamani ya mtumiaji hupuuzwa, na kitufe chake katika dirisha la mipangilio hakibadiliki tena hata akibonyeza.

Yapo mambo madogo hapa yanayopoteza watu saa nyingi. Kichwa cha sehemu katika faili la thamani hakianzi na mkwaju (/), ilhali mstari wa kufuli huanza na mkwaju. Ukigeuza, agizo lako halifanyi kazi. Pili, neno uint32, linalotaja aina ya namba, si pambo. Ukiandika 180 peke yake, dconf huihesabu kuwa namba ya aina nyingine, GSettings huikataa kimyakimya, na mashine hurudia thamani iliyokuja na programu. Ubaya ni kwamba thamani hiyo ya asili ni sekunde 300. Anayejaribu kwa kuandika 300 bila uint32 ataona skrini ikizimika baada ya dakika tano, atafurahi na kwenda nyumbani, kumbe hakuna alichokiweka. Ndiyo maana katika mfano wangu nimetumia 180. Kwa uhakika, ingia kama mtumiaji wa kawaida na uendeshe gsettings writable org.gnome.desktop.session idle-delay, jibu likiwa false, kufuli limeshika. Tatu, ukibadilisha lile faili la profile, mtumiaji lazima atoke na kuingia upya kabla halijasomwa; ukibadilisha thamani peke yake, dconf update huziarifu programu zilizo wazi na hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Ni vyema ujue pia mipaka ya dconf. Firefox haiisomi kwa mambo ya ukurasa wa mwanzo. Yenyewe hufuata faili /etc/firefox/policies/policies.json, na hata Firefox ya Ubuntu inayokuja kama snap, yaani kifurushi kinachojitegemea, hulisoma faili hilo. Humo unaweza kuweka ukurasa wa mwanzo na kuufunga, kisha ukafungua about:policies kwenye kivinjari uone kilichopokelewa na kilichokataliwa. Chrome ina folda yake, /etc/opt/chrome/policies, ambamo yaliyo katika managed ni sharti na yaliyo katika recommended ni pendekezo, mgawanyo uleule. LibreOffice nayo ina utaratibu wake wa faili za XCU.

Kuhusu flashi, tahadhari. Utakuta watu wakishauri uweke automount kuwa false katika org.gnome.desktop.media-handling. Kipengele hicho huzuia flashi kufunguka yenyewe, lakini hakimzuii mtu kuibonyeza na kuifungua kwa mkono. Ikiwa nia ni marufuku ya kweli, kizuie kile kiendeshi cha usb-storage, kinachoiwezesha mashine kusoma flashi, kisipakiwe kabisa, kwa faili dogo katika /etc/modprobe.d, na usisahau kiendeshi cha uas, ambacho hutumiwa na baadhi ya diski mpya. Kabla ya kufanya hivyo ulizeni Luanda fomu zitachapwaje siku inayofuata, maana ukiziba njia bila kuwapa nyingine watatafuta ya tatu, pengine ya kutuma nyaraka za wanachama kwa simu zao binafsi.

Na hapo ndipo lilipo jibu la meneja wako. Kila kufuli ni ahadi kwamba wewe, si mtumiaji, ndiye utakayeshughulikia jambo hilo milele. Muda wa skrini kujifunga ni sharti halali, kwa sababu unalinda taarifa za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu achukue hatua za kiufundi na za kiutawala kuzilinda. Lakini ukubwa wa maandishi? Keshia mwenye macho dhaifu akinyimwa uwezo wa kuyakuza, atakosea tarakimu kwenye hundi, na hasara hiyo haitaandikwa kwenye ripoti yako ya usalama. Vivyo hivyo anayetumia kipanya kwa mkono wa kushoto. Mimi hufunga yale tu ambayo ningeweza kuyatetea mbele ya mkaguzi kwa sentensi moja, na mengine yote huyaacha kuwa mapendekezo.

---

FundiBonde_Nakuru

Mwalimu wa Kakamega amesema yote ya ndani ya mashine, nami sina la kuongeza huko. Nishike la usafirishaji, kwa kuwa nina mashine zilizotawanyika Naivasha, Molo na Njoro, na hali yake haitofautiani na yako.

Wengi watakuambia utumie Ansible, programu ya kutekeleza maagizo yaleyale kwenye mashine nyingi, na wako sahihi: haihitaji programu ya kudumu kwenye mashine za watumiaji, inatosha SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) na lugha ya Python. Lakini mafunzo mengi yanaonyesha namna ya kusukuma, yaani wewe ukiwa Kisumu unaziita mashine zote na kuziagiza. Kwako njia hiyo itakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dhahiri: mashine iliyozimwa haiitiki, na kwenye tawi ambalo umeme umekatika hakuna hata moja itakayoitika. Ya pili huwashangaza watu. Modemu za simu kwa kawaida hazipewi anwani yao wenyewe ya intaneti. Kampuni ya simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mashine ya Busia inaweza kutoka nje kuelekea popote, lakini wewe huna mlango wa kuingilia kuifikia. Unaweza kujenga mtandao wa siri kama WireGuard kati ya matawi, na huenda siku moja utauhitaji kwa sababu nyingine, ila kwa ajili ya mipangilio peke yake ni mzigo usio wa lazima.

Geuza mwelekeo, mashine zenyewe zije kuchukua. Weka faili zako zote katika hazina ya Git, programu inayotunza faili pamoja na historia ya mabadiliko yake, iwe kwenye seva yenu au kwa mtoa huduma, kisha kila mashine iendeshe ansible-pull. Amri hiyo huipakua hazina na kutekeleza maagizo yake papo hapo, ikianza kutafuta faili lenye jina la mashine yenyewe, na isipolipata hutumia local.yml. Kwa hiyo unaweza kuwa na agizo la jumla kwa wote na agizo la pekee kwa mashine ya mapokezi, bila orodha ndefu ya anwani. Data inayosafiri ni kilobaiti chache za maandishi, hata bando dogo la tawi halitaumia.

Usiiendeshe kwa cron, ratiba ya amri zinazojiendesha, ya saa nane usiku. Saa nane usiku ofisi ya Siaya imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Tumia taima ya systemd, ambayo ndiyo huanzisha na kusimamia huduma za Ubuntu, uweke OnBootSec ili ifanye kazi dakika chache baada ya mashine kuwashwa, pamoja na OnCalendar yenye Persistent=true, ambayo hukumbuka zamu iliyopita wakati mashine imezimwa na kuitekeleza ikiwaka. Ongeza RandomizedDelaySec ili mashine zote za tawi zisikimbilie modemu moja kwa dakika moja saa mbili asubuhi, wakati ambapo wateja wameshapanga foleni.

Kuna chaguo la -o, linaloiambia ansible-pull isifanye chochote ikiwa hazina haijabadilika. Watu hulipenda kwa sababu linaokoa muda. Mimi silitumii. Mtu mwenye nywila ya msimamizi akilifuta faili la kufuli kwa mkono, mashine yenye -o haitalirudisha mpaka siku wewe utakapobadilisha kitu Kisumu, na huenda ikawa baada ya miezi. Bila -o, kila zamu huyarudisha mambo yalivyoagizwa, na hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka tangu mwanzo. Zamu ambayo haina la kubadilisha haichukui muda mrefu, na kwenye mashine hizo za zamani hakuna atakayeigundua.

Neno moja zito kabla sijaondoka. Hazina hiyo ya Git sasa ndiyo msimamizi wa mashine zako zote, kwa kuwa chochote kinachoandikwa humo kitatekelezwa kwa mamlaka ya juu kabisa Kisumu, Luanda, Siaya na Busia. Mwenye nywila yake ana funguo za sacco nzima. Usiifanye ya wazi, uweke uthibitisho wa hatua mbili kwa anayeandika, uwape mashine ruhusa ya kusoma tu, na ikiwezekana utie sahihi ya kidijitali ya GPG kwenye mabadiliko na kuitumia ansible-pull pamoja na --verify-commit, ili mashine ikatae agizo lisilo na sahihi yako. Na nywila za Wi-Fi au za printa zisiwemo humo kwa maandishi ya wazi. Ansible ina Vault, ya kuzisimba nywila, kwa kazi hiyo.

---

Afisa_Bungoma

Nimefuatilia kwa makini. Sisi hapa tulibaki na Windows, kwa hiyo nichangie kuhusu zile mashine tano za uhasibu, na kuhusu jambo moja linalogusa pande zote.

Kwanza, FundiBonde anaposema mashine zije kuchukua, asionekane kuwa ameleta jipya kwa waliozoea Windows. Group Policy, iliyoanza na Windows 2000, hufanya hivyohivyo: seva haisukumi kitu, mashine ndiyo huiendea seva inapowaka, mtumiaji anapoingia, na baada ya hapo kila dakika 90 pamoja na nyongeza ya bahati nasibu isiyozidi dakika 30. Anayetaka haraka huendesha gpupdate /force, na anayetaka kujua agizo gani limeshinda huendesha gpresult. Mkijua hivyo mtaacha kuwaza kwamba Linux imekosa kitu.

Pili, kwa mashine tano nisingejenga domeni ya Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na mashine kutoka seva moja, hata kwa Samba, programu huria ambayo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012 inaweza kuwa seva ya domeni bila leseni ya Microsoft. Domeni inahitaji seva isiyozimika na DNS (huduma ya kutafuta anwani kwa majina) inayoielekea seva hiyo; anayeingiza 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, kwenye mashine zake kwa kuwa intaneti ilisumbua jana atakuta leo hakuna anayeweza kuingia vizuri. Kwa idadi yako, panga sera za mashine moja kwa mkono, kisha uzihamishie nyingine nne kwa LGPO, programu ndogo ya Microsoft yenyewe ya kunakili sera za ndani. Hakikisha tu mashine hizo zina toleo la Pro. Mkifika ishirini, hapo tuzungumze upya.

Tatu ni saa. Mashine zilizotumika ng'ambo mara nyingi huja na betri ya CR2032 iliyokufa, nayo ni kile kidude cha duara kwenye ubao mama kinachogharimu fedha ndogo sana. Umeme ukikatika, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kwenye domeni ya Windows, Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida hairuhusu tofauti ya zaidi ya dakika tano kati ya saa ya mashine na ya seva, basi mtu anakataliwa kuingia ingawa nywila yake ni sahihi. Nanyi wa Ubuntu msicheke: hazina yenu ya Git ikiwa kwenye HTTPS, mashine yenye tarehe ya kale itakikataa cheti cha usalama cha seva kwa sababu kwa hesabu yake cheti hicho hakijaanza kutumika, na ansible-pull itashindwa. Kabla ya programu yoyote, nunua betri za kutosha na uzunguke nazo matawini mara moja.

---

MtunzaMtandao_Ksm

Asanteni sana. Mwalimu, nilijaribu tabaka na makufuli kwenye mashine ya mapokezi hapa Kisumu, na gsettings writable inajibu false kama ulivyosema. Hoja ya macho ya keshia nimempelekea meneja, naye amekubali tufunge muda wa skrini, ukurasa wa mwanzo na flashi, mengine yabaki huru. Luanda watapewa anwani moja ya barua pepe ya tawi ya kupokelea fomu za kuchapwa.

Yamebaki maswali matatu. Meneja ameona kwamba skrini ya kuingilia huonyesha majina ya watumiaji wote wa mashine, na hapendi, kwa kuwa kaunta ipo mbele ya wateja. Nilipoweka kipengele cha kuyaficha katika 00-sacco hakuna kilichobadilika. La pili, picha ya usuli yenye viwango vya riba niliyoiweka imeonekana kwa baadhi ya watumiaji na kwa wengine haijaonekana. La tatu ni kwa FundiBonde: tawi likikosa intaneti siku nzima, makufuli yanabaki au yanaanguka?

---

FundiBonde_Nakuru

Yanabaki. Hifadhidata imeshaandikwa kwenye diski ya mashine, wala dconf haiulizi mtandao chochote inaposomwa. Kukosa intaneti kunazuia maagizo mapya tu kufika. Ila utahitaji kujua ni mashine ipi imekaa muda mrefu bila kuchukua: mwishoni mwa local.yml weka hatua ya kutuma taarifa fupi kwenye seva yako, jina la mashine na wakati, na kila Jumatatu uangalie iliyonyamaza. Mara nyingi si intaneti, ni mtu amehamisha mashine kwenda stoo.

---

Mkufunzi_Kakamega

Kuhusu majina: skrini ya kuingilia haiendeshwi na mtumiaji yeyote wa ofisi. Inaendeshwa na GDM, ambaye ana profile yake, na ndiyo maana 00-sacco haimfikii. Unda /etc/dconf/profile/gdm yenye mistari hii mitatu:

    user-db:user
    system-db:gdm
    file-db:/usr/share/gdm/greeter-dconf-defaults

kisha katika folda /etc/dconf/db/gdm.d uweke faili lenye:

    [org/gnome/login-screen]
    disable-user-list=true

Endesha dconf update na uwashe mashine upya. Kuanzia hapo kila mtu ataandika jina lake mwenyewe, kwa hiyo waarifu mapema, la sivyo simu zitakazokujia Jumatatu asubuhi zitakuwa za watu wasiokumbuka kama jina lao la kuingilia lina nukta au halina. Katika sehemu hiyohiyo unaweza kuweka banner-message-enable kuwa true na kuandika tangazo fupi katika banner-message-text. Namba ya dawati lako ingefaa kukaa hapo.

Kuhusu picha: tangu GNOME 42 usuli una vipengele viwili, picture-uri kwa mwonekano mweupe na picture-uri-dark kwa mwonekano mweusi. Bila shaka umeweka cha kwanza tu, na wale wasioiona ni waliochagua mweusi. Weka vyote viwili vikielekea faili moja, ukianza na file:// na kuzungushia alama za kunukuu za moja moja, na uhakikishe picha ipo katika folda ambayo kila mtumiaji anaweza kuisoma, kwa mfano /usr/share/backgrounds. Ikiwa bado yupo asiyeiona, yeye alishachagua picha yake mwenyewe zamani, nayo imo katika tabaka lake la juu. Huyo mwachie, au umwombe aendeshe gsettings reset kwa vipengele hivyo viwili, na ya ofisi itajitokeza.